Kakao Niliyoiacha Bila Kuipindua

Walimu watatu wa jopo walinirudishia tasnifu yangu siku ya Ijumaa, na Jumatatu iliyofuata nilikuwa nyuma ya pikipiki, nikishuka kutoka baridi ya Butembo kwenda joto la Beni. Nilibeba begi moja, kipimajoto chenye ncha ndefu ya chuma, na hoja kumi na moja za kuthibitisha kwamba walimu hao walikuwa wamekosea. Hoja nilizipanga njiani. Ya kwanza peke yake ilikuwa na vifungu vitatu. Tulipofika kwenye kizuizi nilikuwa katika ya saba, na askari alilazimika kuniomba kitambulisho mara mbili.

Tasnifu ilihusu namna kakao inavyochachuka baada ya maganda kuvunjwa. Niliifanyia majaribio katika ndoo ndogo kwenye maabara ya chuo, mahali ambapo mtu akitaka kuuona mti wa kakao hana budi kupanda gari. Mmoja wa walimu alifunua kurasa zangu taratibu huku ukumbi wote ukingoja, pamoja na mama yangu aliyekuwa amevaa kitenge kipya kwa ajili ya siku hiyo. Kisha akauliza swali moja tu: nimewahi kukaa siku sita mfululizo kando ya kakao ya mkulima? Watu wakacheka. Nilimjibu kwa Kifaransa kilichonyooka, kwa dakika nne, bila kusema ndiyo wala hapana. Wakaniagiza niandike upya kuanzia sura ya tatu.

"Enda kwa mama yako mukubwa kule Beni," mama aliniambia jioni ile, akikunja kitenge chake. "Ukule, ulale, kichwa ipoe. Tena usimufundishe kitu."

Sentensi ya mwisho sikuisikia. Au, kwa usahihi zaidi, niliisikia nikaiweka miongoni mwa mambo yasiyonihusu.

Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa mjane mwenye mabega mapana na sauti ya kuanzisha nyimbo kanisani. Katika uwanja wa nyumba yake, chini ya paa la mabati, yalisimama masanduku matatu ya mbao yaliyopangwa kwa safu. Humo ndimo akina mama kumi na wawili wa shirika walimokusanya kakao yao mbichi. Shirika, kwetu, ni jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa mmoja: watu wanaosali pamoja kila Jumatano alasiri, wanaozikana, na wanaojua vizuri nani amemnunia nani. Kakao ya mama mmoja ni kidogo, na kakao kidogo haipati joto. Inaoza kabla ya kuiva. Kwa hiyo waliichanganya ikawa rundo moja. Ilimaanisha pia kwamba aliyechunga masanduku alishika kazi ya mikono ya wote. Aliitwa mama wa masanduku, na kwa miaka mingi alikuwa mama mkubwa. Shirika lilipopata zamu ya matoleo parokiani, ni yeye aliyetangulia maandamano, kikapu cha kakao kichwani, akicheza hatua ndogo ndogo hadi altareni.

Kazi yenyewe inaelezeka kwa urahisi. Baada ya siku mbili kakao hupinduliwa: huchotwa kwa koleo la mbao kutoka chini na kuletwa juu, ndani ya sanduku lile lile, ili hewa ipite na kakao ya pembeni iende katikati. Siku mbili nyingine zikipita, hupinduliwa tena. Mama mkubwa alijua saa yake kwa kuinua majani ya migomba yaliyoifunika, kutia mkono, na kunusa.

Siku ya kwanza kumwona akifanya hivyo, nilitoa kipimajoto.

"Unapima kakao homa?" akauliza.

"Mama mukubwa, pua si chombo cha kisayansi."

"Eeh! Na mboga ikiungua, weye unajuaka na nini? Na lunettes, ile miwani yako?"

Akina mama waliokuwa wakivunja maganda walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Nilicheka pia, kwa upole wa mtu anayewasamehe wasiojua.

Sharti niseme nilivyokuwa, maana bila hilo hadithi haina maana. Wote waliniita Ingénieur, mhandisi. Nilipewa kiti chenye mgongo wakati wao wakikaa kwenye mabenchi, nami nilikikalia. Nilisahihisha namna msomaji wa kanisani alivyotamka majina ya miji ya Wayahudi, na nilimfuata baada ya Misa kufanya hivyo, mbele ya mke wake. Niliwaeleza akina mama ugonjwa wa maganda meusi kwa jina lake la Kilatini, wakati wao walikuwa wamekwisha kuyakata na kuyachoma. Shirika lilipopangiwa matoleo ya mwezi uliofuata, waliniomba nisome somo la kwanza. Nilikataa mara moja, kisha nikakubali, kwa kuwa nilidhani unyenyekevu ni kukataa mara moja.

Jumatatu moja masanduku yalijaa. Jioni ile ikaja simu kutoka Kipese, kule juu Lubero: shemeji yake mama mkubwa amefariki, na kilio kinamngoja. Jumanne alfajiri alikuwa tayari, shuka begani, pikipiki ya kukodi ikinguruma barabarani.

"Mercredi unapindua," aliniambia. "Vendredi unapindua tena. Hata mvua ikuwe. Umesikia?"

"Nimesikia, mama mukubwa."

"Hapana sikia na masikio ya masomo. Sikia na ile ya kawaida."

Akaondoka.

Jumatano nilitia kipimajoto. Nambari iliyotokea ilikuwa chini ya ile iliyoandikwa katika sura yangu ya tatu. Kwa mujibu wa sura hiyo, kupindua kabla ya kufikia kiwango kile ni kulipoza rundo. Na sura ya tatu ndiyo hasa waliyoikataa. Nilisimama mbele ya sanduku nikaona kitu kilichonipendeza mno: rundo kubwa, la kweli, la wakulima wa kweli, ambalo lingenipa haki. Sikumwuliza mtu. Baadaye nilitafuta kitenzi laini zaidi, lakini kilicho sahihi ni hiki: nilitumia kakao ya akina mama kumi na wawili kuwajibu wanaume watatu.

Mmoja wa akina mama hao alikuja kunisaidia asubuhi ile, koleo begani. Alikuwa na shamba upande wa Mbau, lakini siku hizi alilala Beni, kama wengi, kwa hofu ya wauaji wa msituni, na kulirudia shamba siku zile tu ambazo watu walikwenda kwa wingi na kurudi kwa wingi jua lingali juu.

"Ingé, tunapindua?"

"Enda tu, mama. Niko na mpango."

"Mpango ya nini? Koleo na mikono mbili, ndjo mpango."

"Nitafanya mwenyewe."

Aliitazama mikono yangu, akacheka, akaenda zake. Hakuwa na sababu ya kutoniamini. Nilikuwa na kipimajoto.

Ijumaa nambari ilikuwa imepanda kidogo tu. Nikaiandika, nikafunika. Jumapili mchana mama mkubwa alirudi na vumbi la Lubero kwenye nguo, sauti imekwisha kwa nyimbo za kilio. Hakuomba maji kwanza. Alikwenda kwenye masanduku, akainua majani, akatia mkono hadi kiwiko.

"Ulipindua?"

"Nilipindua, mama mukubwa."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Aksanti, mwana wangu," akasema, akaenda kunawa.

Kakao ilianikwa juu ya mabashi, yale maturubai ya plastiki, kwa wiki nzima. Kisha mnunuzi akaja na kibao chake chenye kisu, kile kinachokata mbegu nyingi kwa mpigo mmoja. Kakao iliyoiva huwa ya kahawia ndani, yenye mipasuko kama udongo wa kiangazi. Alifungua kibao. Mbegu zilikuwa zambarau. Baadhi zilikuwa kijivu, ngumu kama kokoto. Akakata nyingine kutoka gunia jingine. Zambarau tena, na harufu ya ukungu juu yake.

"Hii haikuiva," akasema. "Nani alichunga masanduku?"

Akina mama wote wakamtazama mama mkubwa. Nami nilimtazama, ili nisiwe mtu pekee asiyemtazama.

"Ni mimi," akasema.

Hapo palikuwa na nafasi ya upana wa sentensi moja fupi. Niliijaza kwa sentensi ndefu.

"Kitaalamu," nikasema, "sababu zaweza kuwa nyingi. Mvua za wiki iliyopita. Aina ya mbegu. Na pengine kutokuwapo kwa msimamizi."

Mama wa Mbau alivuta pumzi. "Kilio ni kilio, hatukatae," alimwambia mama mkubwa. "Mais lakini ungetuachia mutu mwenye anajua. Ile kakao nilikuwa naifwata kule na roho mukononi."

Mama mkubwa aliinamisha kichwa. Mnunuzi alibeba magunia kwa bei ya chini, kama kakao ya ovyo, ile isiyochaguliwa. Na kabla ya wiki kwisha akina mama walimchagua mwingine kuchunga masanduku. Kikapu cha Jumapili ya matoleo nacho kikawa cha huyo mwingine.

Masanduku, hata hivyo, hayakuhama. Kila siku mama mpya wa masanduku aliingia uwanjani, akasema "Wabukire", salamu yetu ya asubuhi, kwa sauti ya chini kuliko ilivyotakiwa, akainua majani, akanusa, akatazama kando, akanusa tena. Mama mkubwa aliketi hatua kumi kutoka pale akichambua maharagwe, mgongo ukielekea masanduku. Hakulalamika. Aliendelea kunipakulia kwanza, na kunipa kile kiti. Kitu kimoja tu kilibadilika: alikuwa na desturi ya kuimba akitwanga, na sasa alitwanga kimya. Sikuwahi kujua kwamba kinu kina sauti mbaya namna ile.

Nilifanya nilichofundishwa kufanya: nikachora jedwali. Safu ya kwanza, visababishi; safu ya pili, uzito wa kila kimoja. Mvua nikaipa sehemu yake. Mbegu nikaipa yake. Kiwanda kilichotengeneza kipimajoto nikakipa sehemu kubwa isiyostahili. Hata mwalimu wa jopo alipata mstari, kwa hoja kwamba asingeniuliza swali lile nisingekuwa Beni. Lilikuwa jedwali zuri. Nilipolisoma tena niliona kwamba limejibu kila swali isipokuwa lile ambalo mama mkubwa aliniuliza akiwa na mkono ndani ya sanduku.

Nilijaribu kumwambia yeye peke yake, mezani, mchana.

"Mama mukubwa, niko na neno."

"Sema."

Nikamtazama. Alikuwa ameacha kula samaki wake wa chumvi, anangoja.

"Haya makayabo ni matamu sana."

"Ni ya jana," akasema, akarudi kwenye sahani yake.

Basi Jumamosi, siku nane kabla ya matoleo, nilipanga foleni ya maungamo. Nilikuwa nimejitayarisha. Padri alikuwa mtu wa Butembo kama mimi, mwenye kikohozi cha mzee na subira ya mtu ambaye amesikia dhambi zote na hajapata mpya kwa muda mrefu. Nilifikiri angalau yangu ingemvutia.

"Padri, nimekosa katika metodolojia."

Akasogea karibu na wavu. "Katika nini?"

"Katika utaratibu wa kuchachusha kakao. Nilichukua vipimo katika kina kisichowakilisha rundo zima, na kwa sababu hiyo..."

"Mwana wangu. Nyuma yako kuna batu wengi, na mvua inakuja. Kukosea kakao hapana zambi. Zambi iko wapi?"

Nilifikiri. Nikaipitia ile Jumapili tena, kutoka mwanzo.

"Nilisema uongo."

"Kwa nani?"

"Kwa mama yangu mukubwa."

"Tena?"

"Nilinyamaza. Walimwondoa kazi yake juu yangu, na mimi nimekaa kwenye kiti."

"Aa," akasema padri, na nikasikia akijiweka sawa kwenye benchi lake. "Sasa tunaungama. Unaogopa nini? Watakupiga?"

"Hapana. Naogopa wataona mimi ni mjinga."

Alikohoa, au alicheka. Wavu haukuniruhusu kuthibitisha. "Na Mungu, unafikiri hajaona?"

Akanipa malipizi: Jumatano, siku ya upatanisho ya shirika letu, nisimame niseme mbele ya wote.

"Tena hapana na karatasi," akaongeza. "Nakujua."

"Na nikishindwa, Padri?"

"Basi dimanche usisome. Utawasomea batu Neno la Mungu na mudomo gani?"

Upatanisho huo ni desturi yetu. Kabla ya Jumapili ya matoleo, shirika halibebi kitu altareni huku mtu ana kinyongo na mwenzake. Bwana alikwisha kusema mahali pa kuiacha sadaka ya namna hiyo. Kwa hiyo Jumatano ile watu huketi, na msimamizi huuliza, na kila mwenye neno hulitoa. Nilipokuwa mdogo kule Butembo niliona ni mchezo wa wazee. Sasa nilihesabu siku zilizobaki kama mtu anayengoja mtihani, na mtihani ulikuwa mmoja: mama mkubwa angepanda na kikapu, au angekaa benchi la nyuma kwa ajili ya kosa ambalo si lake.

Tulikusanyika uwanjani kwake. Msimamizi wetu mwaka ule alikuwa ajida wa jeshi, mtu wa jimbo la Équateur aliyehamishiwa Beni pamoja na mke wake na gitaa lake. Kiswahili chake kilitembea kwa miguu ya Kilingala.

"Bandeko, ndugu," akaanza baada ya sala, "dimanche tunapeleka matoleo. Nani iko na neno na mwenzake? Tuitoe hapa, tusiibebee Mungu."

Neno la kwanza lilikuwa la mbuzi aliyekula sombe, majani ya muhogo ya jirani. Mwenye mbuzi aliomba msamaha kwa niaba ya mbuzi. Mwenye sombe alitaka mbuzi aje mwenyewe. Watu wakacheka, wawili hao wakapeana mikono. Neno la pili lilikuwa la ndoo iliyoazimwa ikarudi bila mpini. Hilo nalo lilikwisha. Ajida akazungusha macho. Nikasimama.

Nilikuwa na karatasi. Ndiyo, najua. Nilijiambia kwamba padri alikataza karatasi ya kusoma, si karatasi ya kushika.

"Ndugu wapendwa," nikaanza, "kabla ya kuingia katika kiini cha suala hili, yafaa tukumbuke muktadha wake. Uchachushaji wa kakao ni mchakato wenye awamu mbili..."

"Ndeko," ajida akasema.

"...ambapo katika awamu ya kwanza..."

"Ndeko Ingénieur. Hii ni rapport ao ni samahani?"

"Acha amalize!" mwenye mbuzi akapaza sauti. "Mimi niko napenda awamu!"

Kicheko kikazunguka uwanja wote. Nikangoja kipungue. "Ni samahani," nikasema.

"Basi rapport tutasoma kesho. Loba. Sema."

Nikakunja karatasi. Na sentensi, nilipoitafuta, ilikuwa fupi kiasi cha kunishangaza.

"Ile kakao, mimi sikuipindua. Hata mara moja. Mama mukubwa aliniambia mercredi na vendredi, mimi nikaona najua kuliko yeye. Akirudi nikamudanganya. Halafu nikanyamaza, mukamutoa kazi."

Mama wa Mbau alisimama. "Hata mara moja?"

"Hata mara moja, mama."

"Na ule mpango wako?"

"Nilitaka kakao yenu ionyeshe kama walimu bangu banajidanganya."

Akageuka kuwatazama wenzake, taratibu. "Donc basi mimi nilikuwa napita njia ya Mbau na ndoo kichwani, kumbe niko nabebea huyu examen yake."

Sikuwahi kusikia tasnifu yangu ikifupishwa kwa usahihi namna ile.

"Na juu ya nini ulinyamaza?"

"Nilisikia haya."

"Haya! Sisi tulisikia hasara." Akafunga kitenge upya kiunoni. "Samahani nitakupa, juu dimanche iko karibu na mi hapana taka kukubeba mu kikapu. Mais hasira ingali iko. Nakuambia ukweli."

"Aksanti, mama," nikasema, na nilimaanisha, hasa kwa ukweli.

Ajida akamgeukia mama mkubwa, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba mikono ikiwa mapajani. "Mama, weye uko na neno?"

"Nilijua," akasema mama mkubwa.

"Ulijua!" walisema wanne au watano kwa pamoja.

"Nilitia mukono mu sanduku siku ile nilitoka Kipese. Mukono haikusomaka, mais inajua kitu chenye kimelala pale tangu ile lundi ya kujaza."

"Na haukusema?" akauliza ajida.

"Huyu mutoto alishuka huku amekonda kama fito. Kule Butembo walimuangusha mbele ya mama yake. Nikasema, nikimuangusha tena mbele ya batu, hatasimama. Wacha asimame mwenyewe." Kisha akanitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi uso wake ulikuwa na ukali wake wa kawaida. "Mais ulikawia, weye! Dimanche kama ungepanda kusoma, haki ya Mungu ningetoka inje!"

Hapo uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko, na mimi nikalia, bila utaratibu wowote.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko inavyofaa afya. Mama mkubwa alikubali kuonekana mzembe mbele ya watu aliosali nao miaka yote, kwa kosa ambalo hakulitenda, ili mimi nisianguke. Mimi nilikataa kuonekana mkosefu kwa kosa nililolitenda. Katika vitabu nilivyosoma juu ya majivuno, na nilivisoma baadaye kwa wingi, kama kawaida yangu, sikukuta kipimo kilicho wazi kuliko hicho. Nilidhani nimekwenda Beni kukaa na watu wanaohitaji kufundishwa. Kumbe kwa wiki zote zile mmoja wao alikuwa amenibeba, wala sikuhisi kwamba miguu yangu haikugusa chini.

Mama mpya wa masanduku alikuwa wa kwanza kuinua mkono. "Mimi hii kazi sikuitaka," akasema. "Nanusa, nanusa, nasikia tu siki. Muchukue." Mikono mingine ikainuka, na mama mkubwa akarudishiwa masanduku yake pale pale, kabla ya sala ya mwisho.

"Na huyu?" akauliza ajida, akininyooshea kidole.

"Huyu atapindua," akasema mama wa Mbau. "Sanduku zote, mpaka hasira yangu iishe. Nitawaambia siku."

"Na somo ya dimanche?"

Nikasema nisingesoma. Padri alikuwa ameniruhusu nikisimama, lakini nilihisi kwamba wiki moja ya kukaa kimya mahali pasipo na lawama ingenifaa. Akasoma yule msomaji niliyemsumbua mbele ya mkewe. Alitamka mji wa kwanza alivyoutamka siku zote, na nilipoitikia pamoja na wengine sikuongeza kitu. Kisha ngoma zikaanza, na mama mkubwa akaingia kutoka mlango mkubwa, kikapu kichwani, bila kukishika. Mama wa Mbau alimfuata nyuma na mkungu wa ndizi. Mama mkubwa alicheza taratibu kuliko nilivyomkumbuka, hatua mbele, nusu hatua nyuma, kama mtu asiye na haraka ya kufika.

Siku iliyofuata masanduku yalijaa tena. Jumatano asubuhi akina mama walikuja zaidi ya walivyohitajika. Kuona Ingénieur akishika koleo ni jambo lisilotokea kila siku. Mama mkubwa aliinua majani. Hakutia mkono. Akanigeukia.

"Ingé, tupindue?"

Nikatazama rundo. Lilikuwa linatoa mvuke mwembamba. Nilikuwa na maoni mawili, na pingamizi moja kwa kila maoni.

"Sijui, mama mukubwa," nikasema.

"Aleluya!" mtu akasema nyuma yangu.

Mama mkubwa hakucheka. Alinishika kiwiko, akausukuma mkono wangu ndani, taratibu, mpaka utelezi ukanifika juu ya kiwiko. Mwanzoni kulikuwa na uvuguvugu. Halafu, katikati, joto likanibana vidole.

"Sasa?"

"Inachoma."

"Harufu?"

Nikainama, nikavuta. "Siki. Na chini yake kitu kama pombe."

"Ndjo saa yake," akasema. "Pindua."

Nikapindua. Koleo la tatu lilinitoa malengelenge, la kumi likayapasua. Mama wa Mbau alisimama kando akinielekeza kwa kidevu: chini zaidi, polepole, usiponde. Nilipofika karibu na mwisho, jasho likinidondoka puani, nilimwuliza kama hasira imekwisha.

"Kwanza maliza pembe ile," akasema.

Nikainama ndani ya sanduku, nikaanza kukwangua pembe.